Harufu ya Alhamisi

Mlango wa nyumba mpya ya Burulkan haukufunguka kwa ufunguo peke yake. Ilibidi ushike kitasa, uunyanyue mlango kidogo kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala, ndipo ufunguo uzunguke. Aliyemuuzia nyumba, kijana aitwaye Ularbek, hakumwambia hilo. Alikuwa na haraka ya kurudi ugenini alikokuwa akifanya kazi. Alimkabidhi ufunguo getini, akasema, "Mama, vyote vilivyomo ni vyako. Unachotaka chukua, usichotaka tupa," akaenda zake. Kwa hiyo siku ya kwanza Burulkan alisimama barazani, mizigo ikishushwa kutoka kwenye lori nyuma yake, akauzungusha ufunguo huku na huku bila haraka na bila hasira, mpaka sauti ya mwanamke ikapaa kutoka upande wa pili wa uzio wa mbao.

"Unyanyue, dada! Unyanyue! Huo mlango mvivu, hauamki mpaka ubebwe!"

Akaunyanyua. Ukafunguka.

Aliyepiga kelele alikuwa Sharipa, jirani wa mkono wa kulia, mwanamke mnene aliyepita miaka sitini, mwenye meno mawili ya dhahabu na kitambaa kilichofungwa nyuma ya masikio. Kabla jua halijatua alikuja na sufuria ya wali wa nyama, na nyuma yake wanawake wengine wawili wa mtaa ule, mmoja na birika la chai, mwingine na mkate wa tanuri uliofungwa kwa taulo. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Mtu aliyehamia hajawasha jiko na hajui chumvi yake iko kwenye boksi lipi, basi wenyeji humlisha. Walikaa sakafuni katikati ya mizigo, wakala, wakamwuliza ametoka wapi.

"At-Bashi," alisema Burulkan.

"Mlimani kabisa! Ndiyo maana mashavu yako yameungua. Na mzee yuko wapi?"

"Alifariki. Mwaka juzi, wakati wa baridi."

Wakafungua viganja, wakamwombea rehema, wakapitisha mikono usoni. Burulkan akawashukuru kwa maneno yanayotakiwa. Alijua kwamba wali ule ulikuwa mzuri kwa sababu aliona wenzake walivyokuwa wakiula. Mdomoni mwake ulikuwa kitu cha moto, basi.

Alikuwa hivyo tangu Jekshen afe.

Burulkan alizaliwa kwenye bonde la At-Bashi, akaolewa humohumo, vijiji viwili kutoka kwao, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mpishi wa shule ya kijiji. Watoto aliowapikia walikua, wakazaa, akawapikia na watoto wao. Hakuwa msemaji. Akiwa jikoni ulimjua kwa mlio wa mwiko tu. Mumewe Jekshen, dereva wa lori, alisema kwa niaba ya wote wawili. Alipeleka kondoo na viazi sokoni Tokmok, huku tambarare, akarudi na unga na makaa ya mawe, na akifika kwenye kona ya kijiji alipiga honi ili mkewe aweke maji ya chai. Jiko la nyumba yao alilijenga kwa mikono yake. Lilitoka limeinama kidogo upande wa kushoto, naye akawaambia wageni kwamba limeinama kwa heshima.

Alifia uani, akienda kumwaga majivu. Burulkan alipomkuta, ndoo ilikuwa bado imesimama wima kando yake. Hema la msiba likasimikwa, wanawake wakaomboleza, naye akaomboleza kama mila inavyotaka, kila neno likitoka mahali pake kama mtu anayesoma. Ikaja arobaini. Ukaja mwaka, akachinjwa farasi, wageni wakala wakaondoka. Watu walisema Burulkan ni jasiri. Hakuwa jasiri. Alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Unauona ni wako, unaunyanyua kwa mkono mwingine, lakini wenyewe haupo.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki na uzito, nacho kilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa asubuhi alikaanga mikate saba ya mafuta, myembamba, mipana kama sahani, kwa ajili ya mumewe. Marehemu hawali, hunusa. Siku yao ikifika huja mpaka kwenye mlango wa nyumba waliyoishi, husimama kizingitini, na wakipata harufu ya mafuta ya moto hurudi wameshiba. Wasipoipata hurudi vichwa chini. Hili Burulkan hakufundishwa na mtu, alilikuta, kama alivyoikuta milima. Mbele ya lile jiko lililoinama alikaanga Ijumaa baada ya Ijumaa, akasoma sura fupi anazozijua, akawapelekea majirani ile mikate mizima, akiwaambia, "Ya Jekshen hii." Hata hapo hakuhisi kitu. Lakini mikono ilijua inamfanyia nani.

Aliyetaka nyumba ya At-Bashi iuzwe ni binti yake, Begimai, muuguzi huko Bishkek, mji mkuu. Alichoka kulala akiwaza mama yake peke yake kwenye theluji, maji ya kuchota, barabara iliyofungwa. Akatafuta nyumba Tokmok, karibu na mji huo, yenye uwanja mdogo na mfereji wa maji mbele ya geti. Akamwuliza mama yake. Burulkan akasema sawa, kama anavyosema sawa mtu aliyeulizwa kama aongezewe chai.

Sasa alikuwa ameipata, na ilibidi ajifunze kukaa ndani yake. Swichi ya taa ya bafu ilikuwa nje, nyuma ya mlango, na kila jioni mkono wake ulipapasa ukutani upande usio wake. Ubao mmoja mbele ya chumba cha kulala ulilia ukikanyagwa. Bomba la maji likifunguliwa liligonga ndani ya ukuta kama mgeni. Kwenye karatasi za ukutani palikuwa na miraba myeupe, mahali ambapo picha za watu wengine zilining'inia, na Burulkan hakuwa na picha za kutosha kuiziba. Chini ya sakafu ya jikoni kulikuwa na stoo, na ndani ya stoo alikuta kikaango cha chuma kizito, cheusi kwa miaka mingi ya mafuta, na mitungi ya jamu ya aprikoti iliyopangwa kwa unadhifu wa mtu aliyetegemea kuifungua. Ularbek alikuwa amesema achukue au atupe. Hakuchukua wala hakutupa. Alifunika.

Jiko ndilo lililomshinda. Lilikuwa la matofali, refu, limepakwa chokaa, na siku za upepo lilirudisha moshi ndani. Alifanya kama alivyozoea, akisukuma ndani kile kibati kinachofunga na kufungua njia ya moshi, na jiko likamkohoza.

Ijumaa ya kwanza alikanda unga. Aliuacha utulie, akaukata, akauviringisha. Akaweka mafuta motoni kwenye kikaango chake mwenyewe. Mafuta yalipoanza kutetemeka alisimama na kipande cha kwanza mkononi, kisha akakiweka chini, akatoa kikaango motoni.

Jekshen hakuwahi kukanyaga kizingiti kile. Hakuijua nyumba ile wala mtaa wake. Harufu ingetoka dirishani iende wapi?

Akafungua dirisha, asikilize kwa pua, apate walau harufu ya mikate ya kwa wengine, naye afuatie. Hakukuwa na kitu. Mtaa mzima ulinuka makaa ya mawe na majani yaliyooza. Ijumaa iliyofuata vilevile. Akajiambia kwamba amehamia kwenye mtaa wa watu wasio na wafu.

Begimai alimpigia simu jioni ile.

"Umekaanga, mama?"

"Hapana."

"Unga huna?"

"Ninao. Nimkaangie nani? Baba yako hapajui hapa."

"Mama, kaanga tu. Atakuja."

"Atakujaje?"

Begimai alisikika akihema. Burulkan akamwambia kwa sauti ileile ambayo angemwagizia sabuni kwamba atakaa mpaka theluji ya kwanza. Ikianguka naye hajaweza kumkaangia Jekshen mle ndani, ataiuza nyumba, atarudi At-Bashi, ataomba chumba kwa baba mdogo wa Begimai, awe karibu na nyumba ya zamani. Angalau kule mumewe anajua pa kusimama.

"Karibu na nini, mama? Jiko lenyewe walishalivunja!" Begimai alisema.

"Nani kalivunja?"

"Walionunua. Wameweka la umeme. Baba mdogo aliniambia, nikasema nisikuambie. Nisamehe, mama."

Burulkan akatazama miraba myeupe ukutani.

"Sawa," alisema. "Bora nimejua."

Baada ya kukata simu alikaa akifikiria kwamba Ijumaa hizi zote Jekshen husimama kwenye mlango wa At-Bashi, ananusa rangi mpya na waya wa umeme. Alingoja wazo hilo limuume. Likakaa tu kifuani kama jiwe lililowekwa juu ya kifuniko cha pipa. Akainuka, akaosha kikombe.

Hata hivyo majirani walikuwa wema, au ndivyo alivyodhani. Siku moja katikati ya juma, alasiri, Sharipa aliita juu ya uzio na kumpitishia sahani iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Chukua, dada. Uile ingali moto."

Ilikuwa mikate ya mafuta, imekatwa robo robo na kukunjwa. Kule At-Bashi mkate uliokatwa hivyo ni wa wageni, wa kunywea chai. Burulkan akapokea kwa mikono miwili.

"Ahsante. Mnanikaribisha mpaka naona haya."

Sharipa alisimama pale, viganja viwili nusu wazi mbele ya kifua, kama mtu anayengoja jambo. Burulkan naye akangoja. Mwishowe Sharipa akashusha mikono, akaingia kwake.

Sahani ya mtu hairudi tupu. Kesho yake Burulkan aliirudisha na vipande vya sukari. Juma lililofuata, siku ileile, sahani ikapita tena juu ya uzio, na safari hii akairudisha na peremende. Ilipokuja ya tatu sukari ilikuwa imepungua, akakumbuka mitungi ya stoo. Akafungua mmoja, akajaza bakuli jamu ya aprikoti, akaiweka juu ya sahani. Sharipa aliinama, akainusa ile jamu. Uso wake ukabadilika rangi. Tangu siku hiyo hakumsalimu. Akikutana naye kwenye mfereji aliinamia ndoo yake, akiongea na maji.

Burulkan aliliona hilo. Aliona pia kwamba halikumgusa, na hilo la pili ndilo lililomshangaza kidogo.

Hata hivyo sahani haikuacha kuja. Ilipitishwa bila salamu, ikawekwa juu ya nguzo ya uzio kama kitu kilichosahauliwa, naye aliichukua, akaiweka dirishani. Hakuwa na hamu ya kula. Mikate ikakauka.

Mwezi wa kumi na moja upepo ulitoka bondeni kwa nguvu, mawingu yakashuka mpaka nusu ya milima. Asubuhi moja jiko lilirudisha moshi wote ndani kwa mkupuo. Burulkan alikuwa amepiga magoti mbele yake akisukuma kibati, macho yakimtiririka, alipousikia mlango ukinyanyuliwa na kugongwa ukutani. Sharipa aliingia na viatu vyake, jambo ambalo halifanywi, akampita, akakamata kibati kile na kukivuta nje kwa mkono mmoja.

"Vuta! La Sayra linavutwa, halisukumwi! Fundi alikuwa mlevi, alilitia kinyume. Unataka ufe humu, tuje kukutoa na wewe?"

Moshi ukasita, ukageuka, ukaanza kupanda. Wakafungua madirisha. Sharipa alipofika kwenye dirisha la uzioni aliona sahani yake, na juu yake ile mikate mikavu kama ngozi ya kiatu.

"Hii nini?"

"Mikate yako. Samahani, sikuwa na hamu."

"Hukuwa na hamu." Sharipa akaketi kwenye kigoda, kigoda kikalia. "Sikiliza, dada. Mimi mdomo wangu haukai na kitu, nikikaa nacho naumwa kichwa. Kila Alhamisi nakupa mikate ya marehemu. Kila Alhamisi! Husomi. Hunyanyui mikono. Unanishukuru kama nimekuletea kabichi. Halafu unanirudishia sukari. Haya, nikasema labda huko kwao mlimani hawajui kitu, wanajua farasi tu. Halafu unaniletea jamu. Jamu ya Sayra! Tuliipika wote, kwenye sufuria yangu, mimi nikimenya, yeye akikoroga. Namkumbuka rafiki yangu, wewe unanijazia jamu yake kwenye bakuli uniletee kama sadaka!"

"Sayra ni nani?" aliuliza Burulkan.

Sharipa akamtazama. Hasira ikakosa mahali pa kukaa.

"Ularbek hakukwambia jina la mama yake?"

"Aliniambia unachotaka chukua, usichotaka tupa."

"Ndiyo maneno yake hayo." Sharipa akavua kitambaa kichwani, akajifuta moshi usoni, akakifunga tena. Sayra ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, alisema. Alikufa kwenye kitanda kilichokuwa pale, ubavuni mwa jiko, Sharipa akiwa ameshika mguu wake kwa sababu miguu ndiyo ilikuwa baridi. Kijana yuko ugenini, analala chumba kimoja na wanaume wengine lukuki, hawana hata jiko la kuchemshia chai, atamkaangia wapi? "Kwa hiyo namkaangia mimi. Lakini yeye haji kwangu, anakuja kwake. Hapa. Kwenye mlango huu mvivu. Lazima mikate iliwe humu, isomewe humu. Sasa mwenye nyumba mpya ananiambia ahsante kwa kunikaribisha!"

"Leo siku gani?"

"Jumatano. Kwa nini?"

"Kwetu ni Ijumaa," alisema Burulkan. "Asubuhi. Na haikatwi. Anayeleta hutaja jina."

Jiko lilikuwa likivuma vizuri sasa. Halafu Sharipa akaanza kucheka. Alicheka kimyakimya kwanza, tumbo likitikisika, kisha akalipuka mpaka meno ya dhahabu yakaonekana yote.

"Ijumaa! Na sisi tumemaliza jana yake! Kwa hiyo Ijumaa unakaa dirishani..."

"Nanusa."

"Unanusa! Unapata nini?"

"Makaa ya mawe. Nikajua hamna wafu."

"Hatuna wafu!" Sharipa alijipiga paja. "Ewe mwanamke, nenda kule makaburini ukatutazame. Tumejaa! Hatuna wafu, anasema!"

Burulkan alitamani acheke naye, uso haukwenda. Badala yake akajikuta akisema, taratibu, habari ya kikaango alichokitoa motoni, habari ya jiko la At-Bashi lililovunjwa, na theluji ya kwanza. Alieleza kama mtu anayemsimulia daktari habari za mgonjwa wa jirani. Sharipa aliacha kucheka, akasikiliza, kichwa upande.

"Alikuwa anafanya kazi gani, marehemu?"

"Dereva. Alileta kondoo hapa sokoni."

"Hapa? Tokmok hii?"

"Maisha yake yote."

"Basi barabara anaijua kuliko wewe! Mimi wangu, Kubat, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kutoka bafuni mpaka jikoni bila kuuliza njia, na kila Alhamisi anafika. Wako wa lori unasema atapotea?"

"Barabara anaijua," alisema Burulkan. "Nyumba haijui."

Sharipa aliokota kipande cha mkate mkavu, akakigeuzageuza.

"Sikwambii umkaangie wako," alisema mwishowe. "Hilo lenu wawili. Mkaangie mwenye jiko. Ulipochukua nyumba ulimchukua na yeye, alikuwemo. Kesho kaanga wewe, hapa, mimi nitakuja kula. Magoti yangu yamechoka na ule uzio."

Burulkan akasema sawa. Alilisema kama alivyoyasema yale mengine.

Alhamisi ilikuwa ya kijivu, baridi yake imetulia, ile inayotulia kabla ya theluji. Alikanda unga baada ya chakula cha mchana. Akateremka stoo akapandisha kile kikaango cheusi cha Sayra, kwa sababu chake kilikuwa chembamba na pia kwa sababu, akiwa mpishi, aliona kwamba chuma cha namna ile kikikaa bila mafuta kinashika kutu. Alikiosha kwa maji moto bila sabuni. Akavuta kibati. Moto ukashika mara moja.

Alitumbukiza mkate wa kwanza. Ukazama, ukapanda, ukajaa malengelenge pembeni. Tone la mafuta likamrukia kwenye kifundo cha mkono. Akalitazama likigeuka doa jekundu, akaendelea. Wa pili. Wa tatu. Harufu ikajaa jikoni, ikapita kwenye ubao unaolia, ikaingia chumbani, ikakaa mbele ya miraba myeupe. Mikono ilikuwa na mwendo wake, ikageuza, ikanyanyua, ikachuja. Alipofika wa saba mlango ulinyanyuliwa, Sharipa akaingia, safari hii bila viatu.

"Inafika mpaka kwenye mfereji," alisema. "Hata Kubat kainuka."

Walikaa mbele ya sahani. Burulkan hakukata mikate. Sharipa akaona, akaacha. Burulkan akafungua viganja, akasoma sura anazozijua, polepole, kisha akataja: "Imfikie Sayra, mwenye nyumba hii." Ilimpasa kupitisha mikono usoni hapo. Mikono ikabaki wazi.

"Na Jekshen," alisema.

"Na Kubat," akadakia Sharipa, "asije akasema tumemruka."

"Na Kubat."

Wakapitisha mikono usoni. Sharipa akachukua mkate, akaukunja, akaanza kula. Burulkan aliketi kidogo, kisha akainuka, akaenda mlangoni. Akashika kitasa, akaunyanyua mlango, akaufungua, akauacha wazi. Baridi ikaingia, ikatembea sakafuni mpaka miguuni mwao.

Sharipa akageuka, mdomo umejaa. "Unatutolea joto, dada."

"Hajui kwamba unanyanyuliwa," alisema Burulkan.

Sharipa akaacha kutafuna. Akavuta mtandio mabegani, akasogea karibu na jiko, akaendelea kula. Mlango ukabaki wazi mpaka chai ikaisha.

Usiku ule Burulkan alilala, na alipoamka lile doa kwenye kifundo cha mkono lilikuwa linauma. Aliunyanyua mkono, akauangalia kwenye mwanga mweupe usio wa kawaida uliotoka dirishani. Uzio, mti wa tufaha, nguzo ya kuwekea sahani, vyote vilikuwa vimevikwa weupe. Simu ikalia kabla hajavaa soksi.

"Mama," alisema Begimai. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha. "Huku imeanguka. Na huko?"

"Imeanguka."

"Nyingi?"

"Ya kutosha."

Upande wa pili wa uzio Sharipa alikuwa anapiga ufagio barazani kwake na kugombana na theluji kana kwamba ina masikio.

"Sasa, mama? Nifanyeje? Nimtafute wa kuinunua?"

Burulkan alivuka ule ubao unaolia, akaingia jikoni, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kibati na kukivuta nje. Akafungua pipa la unga, akatazama ndani.

"Jumapili ukija lete unga," alisema. "Uliokuwepo umekwisha."

"Unga gani, mama?"

"Wa kukaangia," alisema Burulkan. "Na mlango ukiufikia usiulazimishe. Unanyanyuliwa."